Betri ilikuwa inaishia kwenye begi: kisa cha laptopu ya shemeji

Shemeji yangu anafundisha fizikia sekondari moja ya kata huku upande wa Kilosa. Muhula ulipokuwa unakaribia mitihani akanipigia simu kashaamua kabisa, anataka nimsaidie kutafuta betri mpya ya laptopu, fundi wa mjini kamtajia laki na ishirini. Mwalimu mwenye watoto wawili wanaosoma hiyo sio hela ya kutoa kwa kubahatisha, nikamwambia shemeji subiri kwanza, usimpe mtu hela mpaka nimeiona hiyo mashine, Jumamosi nakuja.

Lalamiko lake lilikuwa moja tu na analieleza vizuri. Usiku anachaji nyumbani mpaka inajaa mia, asubuhi anaiweka kwenye begi anapanda boda mpaka shule, anafungua saa mbili kuanza kazi, na baada ya saa moja na dakika kumi hivi imezima. Ofisi ya walimu ina soketi mbili, moja ni ya printa na nyingine ina ekstensheni iliyojaa chaja za simu kama mabua, na umeme wenyewe kuna siku unakatika asubuhi unarudi mchana. Kazi anazotaka kufanya sio nzito, kuingiza maksi za madarasa manne kwenye Excel, maandalio ya masomo, kupitia maswali ya mitihani, na mara moja moja kuonyesha video fupi ya somo. Anahitaji masaa matatu mfululizo, saa mbili mpaka saa tano, baada ya hapo ana vipindi. Masaa matatu kwa laptopu ya ofisini ya mwaka 2019 sio kudai makubwa.

Mashine yenyewe ni zile zilizotumika ulaya zinaletwa kwa makontena, inchi 14, prosesa Core i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) GB 8, diski ya SSD, ina Windows 11. Nzuri tu. Nilipofika nikakuta kashafanya mengi peke yake: kaweka picha nyeusi kwenye skrini na mandhari ya giza kila mahali kwa sababu aliambiwa inaokoa chaji, kaweka programu ya "kusafisha RAM", na kila Jumapili anaiacha mpaka izime yenyewe halafu ndo anachaji, eti "kuizoesha betri". Nianze na hayo maana watu wengi wanayo. Skrini yake ni LCD ya kawaida, taa inayomulika nyuma ya kioo inawaka vile vile hata ukionyesha weusi mtupu, giza linaokoa kwenye skrini za OLED ambazo kila nukta inawaka yenyewe. Ile programu ya kusafisha RAM inakaa macho muda wote kwa hiyo yenyewe ndo mlaji. Na hiyo ya kuimaliza mpaka sifuri ni ushauri wa betri za zamani za nickel-cadmium, zile ndo zilikuwa zinahitaji hivyo, lithiamu, yaani betri za laptopu za sasa, haina tabia hiyo, kinyume chake ukiishusha mpaka chini kabisa kila wiki unaichosha. Sikumlaumu hata kidogo, alikuwa anajitahidi na alichoambiwa na watu.

Sasa kabla ya kugusa setingi yoyote nikaomba ripoti. Hii ndo hatua ninayowaomba watu wasiiruke, kwa sababu ni bure na inachukua dakika moja. Fungua Command Prompt (lile dirisha la Windows la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, itakuambia imehifadhi faili wapi, faili linafunguka kwenye brauza kama ukurasa wa kawaida. Ndani kuna namba mbili za kuangalia mwanzo kabisa, Design capacity yaani betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani, na Full charge capacity yaani leo ikijaa mia inabeba kiasi gani. Ya shemeji ilitengenezwa kubeba 45,000 mWh (miliwati-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na sasa inajaa 27,400. Mizunguko ya chaji 412.

Maana yake ni kwamba ile "100%" anayoiona usiku ni asilimia 61 ya betri ilivyokuwa mpya. Imezeeka, ndiyo, fundi hakusema uongo. Ila haijafa, na hapo ndo hesabu ilinifanya niwe na mashaka: 27,400 mWh ni sawa na wati 27.4 kwa saa moja. Laptopu ya aina hii kwenye Excel na Word haitakiwi kula zaidi ya wati 7 au 8. Gawanya hapo, unapata masaa matatu na ushee. Yeye anapata saa moja na dakika kumi. Kwa hiyo kuna chaji inapotea mahali ambapo uzee wa betri peke yake hauwezi kupaeleza.

Nikashuka chini kwenye ripoti hiyo hiyo, sehemu ya Recent usage. Pale inaorodhesha, kila hali inapobadilika na saa yake, mashine ilikuwa kwenye hali gani, ilikuwa kwenye umeme au betri, na imebaki na chaji kiasi gani. Tukaisoma pamoja tumekaa kwenye mkeka, mimi namuonyesha kidole. Jumatano saa nne usiku, 100%, anafunga kifuniko na kuchomoa chaja. Mstari unaofuata, hali yake imeandikwa Connected standby, chanzo betri. Alhamisi saa mbili asubuhi anafungua, 69%. Jumanne hivyo hivyo, 70. Jumatatu 68.

Alinyamaza kidogo kisha akasema "kwa hiyo shemeji inatumika nikiwa nimelala?"

Ndiyo. Asilimia 31 kwa masaa kumi, hiyo ni karibu 8,500 mWh, yani ilikuwa inakula kama wati 0.85 usiku kucha kwenye begi imefungwa. Na yeye asubuhi alikuwa hata haangalii asilimia, anafungua anaanza kazi moja kwa moja kwa sababu anajua jana aliijaza. Mtu yeyote angesema betri haitunzi chaji.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndo moyo wa kisa chote. Laptopu za zamani ukizifunga zilikuwa zinalala usingizi unaoitwa S3, kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM inapewa umeme kidogo ikumbuke ulipoishia. Nyingi za miaka ya karibuni hazina S3 tena, zina kitu kinaitwa Modern Standby au S0, zinalala kama simu inavyolala: skrini imezima lakini ndani kuna vitu vinaamka, vinaangalia kama kuna ujumbe, vinapakua masasisho, vinashika Wi-Fi. Ikiwa imepangika vizuri inakula kidogo sana na asubuhi unakuta imeshuka asilimia chache. Ikiwa kuna programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha ndani) moja haitaki kutulia, unakuta kama ya shemeji. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani andika powercfg /a, itakuambia usingizi upi upo na upi haupo. Yake ilisema S0 Low Power Idle ipo, S3 haipo. Na kuna joto pia, mashine iliyo macho nusu ndani ya begi lililofungwa kwenye boda juani inapata moto, na lithiamu haipendi moto. Ninaamini sehemu ya ule uzee wa betri imetokana na hapo, ukijumlisha na kukaa imejaa mia kwenye joto.

Dawa yake ni Hibernate. Mimi kumuelewesha nikaita hii ya kawaida usingizi mwepesi na Hibernate usingizi mzito. Kwenye usingizi mzito mashine inaandika kila kilichokuwa kwenye RAM kwenye diski halafu inazima kabisa, ukiwasha inarudisha kila kitu kilipokuwa, Excel yako iko wazi na kishale kipo kwenye seli ile ile. Inachukua sekunde 20 hivi kurudi badala ya mbili, na inataka nafasi kwenye diski, kwa kawaida kama asilimia 40 ya RAM, kwa RAM 8 ni GB 3 na kidogo. Kwa mwalimu anayefungua mashine mara tatu kwa siku sekunde 20 sio kitu.

Mara nyingi haionekani kwenye menyu ya kuzima mpaka uiwashe. Command Prompt, safari hii ifungue kama msimamizi, andika powercfg /hibernate on. Halafu nenda Control Panel, Power Options, upande wa kushoto kuna "Choose what closing the lid does", pale unachagua kifuniko kikifungwa mashine ifanye nini. Nikachagua Hibernate, tukaifunga, tukala ugali na mlenda, nikaondoka jioni nimeridhika.

Jumatatu asubuhi simu. 72%.

Nikajiuliza nimekosea wapi, kwa sababu nilijaribu mwenyewe mara mbili mbele yake na ilizima vizuri. Nikamwomba atengeneze ripoti nyingine anitumie kwa WhatsApp, na jibu lilikuwa humo humo. Kwenye ule ukurasa wa kifuniko kuna safu mbili, On battery na Plugged in. Mimi niligusa safu ya betri tu, na Jumatano ile tuliyoisoma alichomoa chaja kabla ya kufunga, lakini Jumapili usiku alifunga kifuniko wakati chaja bado imechomekwa ili iendelee kujaa, kwa hiyo mashine ikafuata amri ya safu ya umeme, ikalala usingizi mwepesi. Asubuhi sana akachomoa chaja akaitia begini. Mashine iliyokwisha kulala haikubadilisha usingizi eti kwa sababu kachomoa waya, iliendelea hivyo hivyo njia nzima, tena safari hii ilikuwa imepata sasisho la kupakua. Nimeandika hili kwa urefu kwa sababu sijaliona likitajwa na linawapata watu wengi wanaochaji usiku na kutembea asubuhi: weka Hibernate safu zote mbili. Akabadilisha mwenyewe kwa maelekezo ya simu. Jumanne alifungua na 99%.

Hapo tu, bila kugusa kingine chochote, akatoka saa moja na dakika kumi akafika saa moja na dakika arobaini na tano.

Bado hatujafika masaa matatu. Jumamosi iliyofuata nikarudi tukashughulikia upande wa pili, mashine ikiwa macho inakula nini. Kuna programu ya bure inaitwa HWiNFO, kwenye sehemu ya betri ina mstari unaonyesha wati zinazotoka kwenye betri sasa hivi. Tukafungua vitu vyake vya kawaida vya asubuhi, tukachomoa chaja, tukaiacha dakika kumi na tano itulie. Wati 14.5. Kwa Excel! Nikamwambia tutabadilisha kitu kimoja kimoja na kila kimoja tusubiri tuone namba, tusibadilishe vyote kwa pamoja maana hatutajua kipi kimesaidia na kipi tumemtesa bure.

Mlaji mkubwa kuliko wote sio niliyemtegemea. Nilidhani skrini. Kumbe ni vitu vilivyofunguka vyenyewe nyuma: brauza ina kurasa 23 wazi na baadhi zina video za matangazo zinazocheza kimya, WhatsApp ya kompyuta, programu mbili za kuhifadhi mafaili mtandaoni zote zinajaribu kupandisha folda ile ile ya picha za mahafali kwa hotspoti ya simu, ile ya kusafisha RAM, na antivairasi ya majaribio iliyoisha muda inayogombana na ile iliyokuja na Windows. Tukafuta antivairasi ya majaribio na kisafisha RAM, Windows Defender inatosha kwa matumizi yake. Tukabakiza programu moja ya mafaili na kuiambia isipandishe kitu ikiwa kwenye betri. Kwenye Task Manager, sehemu ya Startup apps, tukazima vyote asivyovihitaji asubuhi. Brauza nikaiwashia setingi yake ya kuokoa nguvu inayolaza kurasa ambazo hujaziangalia muda mrefu. Wati 3 zikaondoka, na bando pia likapona, hilo hakulitegemea na lilimfurahisha kuliko betri.

Mwanga wa skrini ulikuwa 100 kwa 100. Hapa nikakosea kidogo, nikaishusha mpaka 20 na namba ikawa tamu sana, ila tulikuwa ndani, pazia limeshushwa. Ofisi ya walimu ina madirisha makubwa bila mapazia na jua la saa tatu linaingia lote. Alijaribu siku moja akanipigia kwamba macho yanamuuma na kaandika maksi za mtoto mmoja kwenye mstari wa mwingine. Hiyo ni hasara mbaya kuliko chaji. Tukapandisha mpaka 45, na akahamisha kiti dirisha liwe ubavuni badala ya mgongoni, anaona vizuri. Kutoka 100 mpaka 45 tuliokoa wati 2.3.

Prosesa ndo ilikuwa na ugumu wake. Prosesa hizi zina kasi ya ziada, turbo, ukibonyeza kitu zinaruka juu ghafla kumaliza haraka, na wakati huo zinakula sana. Kwenye Settings, System, Power & battery, kuna Power mode, nikaweka Best power efficiency kwa upande wa betri. Ilisaidia kiasi. Njia inayojulikana ya kuongeza hapo ni kuweka kikomo cha prosesa 99% badala ya 100, kwenye mashine nyingi za Intel asilimia hiyo moja ndo inazima turbo, lakini ukienda kwenye setingi za ndani za Power Options kwenye laptopu hizi za S0 mara nyingi hicho kipengele kimefichwa, watu wanahangaika kukitafuta wanaambiwa Windows yao mbovu. Kipo, unakiandikia amri tu:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99

halafu

powercfg /setactive scheme_current

Hiyo "dc" ni upande wa betri peke yake, ikiwa kwenye umeme turbo inabaki. Mchango wa vyote viwili ni wati 1.2. Excel yake ya wanafunzi 160 haikuonyesha tofauti yoyote, kufungua brauza kunachelewa kidogo, video ya somo inacheza bila kukata. Ingekuwa mtu anayehariri video au anayetumia programu za kuchora majengo nisingemfanyia hivi, angenichukia.

Vidogo vidogo vilivyobaki, taa za kibodi, Bluetooth ambayo hana kifaa chochote cha kuunganisha, na Wi-Fi kuzimwa wakati anaingiza maksi maana haihitaji, vyote kwa pamoja wati 0.8. Energy saver, zamani ikiitwa Battery saver, tuliiweka ijiwashe ikifika 30% na nikaizuia isipunguze tena mwanga kwa sababu mwanga tulishaupanga.

Tukamaliza kwenye wati 7.2. Nusu ya tulipoanzia.

Sasa niweke hesabu wazi maana ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. Mashine yake inajizima ikifika 7%, kwa hiyo kwenye 27,400 anaweza kutumia kama 25,500. Ukigawa kwa 7.2 unapata masaa matatu na nusu. Wiki ya kwanza ya mitihani alifungua saa mbili kamili akafunga saa tano na nusu kukiwa na onyo la chaji ndogo, hakuchomeka mahali popote. Betri ile ile.

Nikamfanyia na hesabu ya upande wa pili, ya kama angempa fundi ile laki na ishirini. Tuseme amepata betri halisi inayobeba 45,000 kweli, na kwenye maduka mengi kupata halisi ni bahati, lakini tuseme kapata. Usiku ingeendelea kupoteza zile 8,500 begini. Asilimia 7 za mwisho hazitumiki, 3,150. Zinabaki 33,350, na mashine inakula 14.5. Masaa mawili na dakika 18. Yani angelipa hela yote hiyo na saa tano isingefika, na ndani ya mwaka mmoja au miwili betri mpya ingekuwa imepikwa na begi kama hii. Alipoona hizo namba mbili zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari, masaa mawili na dakika 18 kwa laki na ishirini, masaa matatu na nusu kwa bure, aliichana ile karatasi akaitia mfukoni akasema atamuonyesha mkewe, yani dada yangu, ambaye ndo alikuwa anakatalia hela.

Simsemi vibaya fundi. Mteja kaja na lalamiko la betri, kaangalia betri, kaikuta imechoka, kasema badilisha. Lakini ninaumia kuona watu wenye kipato kidogo wanashauriwa kununua kabla ya mtu kutumia dakika tano kuuliza mashine inakula nini na inakula saa ngapi. Ripoti ipo ndani ya kila Windows tangu toleo la 8. Fundi yeyote anayebadilisha betri akianza na hiyo namuheshimu sana, ampe mteja zile namba mbili, mteja aamue.

Kilichobaki ni kuitunza hiyo iliyopo. Laptopu yake ina kipengele cha kuzuia chaji isipite 80%, nyingi za kiofisi za umri huo zinacho, iwe kwenye BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla ya Windows) au kwenye programu ya mtengenezaji. Tulijadiliana hapa kidogo kwa sababu mimi nilitaka akiwashe muda wote na yeye akakataa, na yuko sahihi: siku ya shule anahitaji asilimia zote mia, 80 ingempa masaa mawili na dakika 45 tu na angerudi kwenye wasiwasi ule ule. Tukakubaliana kinawashwa likizo, wakati mashine iko mezani nyumbani imechomekwa wiki nzima, na shule ikifunguliwa anakizima. Ule mchezo wa Jumapili wa kuimaliza mpaka sifuri umekoma, ila mara moja kila miezi kadhaa aiache ishuke mpaka chini kisha aijaze bila kukatisha, hiyo ni kwa ajili ya kipimo cha asilimia kisipotoke, betri yenyewe haifaidiki chochote. Kuichaji kitandani juu ya blanketi nimemkataza kabisa. Na nimemfundisha kupapasa pale kwenye kibao cha kusogezea kishale, kikianza kuinuka au kubonyea kwa shida, au mashine ikiyumba ikiwekwa mezani, hiyo betri imevimba, azime, asiichaji tena, aipeleke itolewe, hapo hakuna setingi.

Jambo moja halijakaa sawa mpaka leo. Akiunganisha na projekta kwa HDMI kuonyesha video darasani matumizi yanapanda mpaka wati 11 na zaidi, na kuna siku kasahau kuifunga brauza akarudi ofisini na 20%. Sijapata njia ya kulishusha hilo, kwa siku za projekta anabeba chaja na darasa lile lina soketi inayofanya kazi, umeme ukiwepo.

Ripoti mpya anatengeneza mwenyewe kila mwisho wa mwezi na kunitumia. Ya mwezi huu inasema 26,900, inashuka taratibu. Tumepiga hesabu ya kurudi nyuma, kwa wati 7.2 na masaa matatu anayohitaji, betri inatakiwa ibebe angalau 23,200 hivi. Namba hiyo kaiandika kwa kalamu ya wino kwenye stika chini ya laptopu. Siku ripoti ikisoma chini yake ndo atanunua, na kwa setingi hizi betri mpya halisi itampa karibu masaa sita, kwa hiyo ile laki na ishirini kaanza kuiweka kidogo kidogo kwenye kikoba cha walimu, hana haraka nayo.